Uangalizi wa Mkunga Katika Miezi Mitatu ya Mwisho ya Ujauzito

Mama mwenye mimba ya wiki 34 anaingia kliniki akiwa amevaa kandambili za mumewe, kwa sababu zake hazimwingii tena. Katika zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, iwe Ujiji au vijiji vya kusini huko Uvinza, jambo hilo halimshangazi mtu, na huenda wanawake walioketi kwenye benchi wakamwambia kuwa kila mjamzito huvimba miguu. Muuguzi mkunga hakubali wala hakatai. Anamkalisha, anamwacha apumzike dakika chache, kisha anamfunga kipimo cha presha mkononi.

Uangalizi wa mkunga kwa matatizo ya kawaida ya mwisho wa ujauzito ni kazi ya kupokea kila lalamiko la mama, kulipima, na kuamua iwapo ni kero au ni dalili ya hatari. Kero ni usumbufu unaoletwa na mwili unaobeba mtoto aliyekwisha kuwa mzito, nao hutulizwa kwa ushauri na huisha baada ya kujifungua. Dalili ya hatari ni ishara kwamba mama au mtoto anaweza kupoteza maisha asipopata tiba mapema. Ugumu wa kazi hii uko katika jambo moja: kero na hatari mara nyingi huja na lalamiko lilelile, na mwenye kulalamika hawezi kuzitofautisha kwa kuhisi tu.

Kipindi kinachozungumziwa huanza wiki ya 28. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mahudhurio 8 katika ujauzito mzima, na 5 kati ya hayo, yaani wiki za 30, 34, 36, 38 na 40, yamewekwa humo. Msongamano huo una sababu, kwa kuwa mama aliyekuwa salama wiki ya 30 anaweza kubadilika kabla ya wiki ya 34. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoona kuwa mahudhurio mawili ya mwanzo yakishaandikwa kwenye kadi, yaliyobaki ni ya kujifurahisha. Wazee waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, hawakuwa wakiuzungumzia mwanzo wa mimba peke yake.

Turudi kwenye miguu. Mjamzito huongezeka damu na maji mwilini, na mji wa mimba unapokua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, hivyo jioni, hasa baada ya kutwa nzima ya kuanika dagaa au kusimama sokoni, vifundo hujaa. Mkunga hubonyeza ugoko kwa dole gumba, akaliachia na kutazama kishimo kinachobaki. Kishimo chenyewe hakimpi jibu. Huuliza kama uvimbe hupungua asubuhi, hutazama uso na vidole vya mikono, hulinganisha mguu na mguu, kwa kuwa mguu mmoja uliovimba na kuuma kwenye shavu la mguu unaweza kuwa na donge la damu lililoganda. Halafu huchovya kijiti cha kupimia mkojo. Sehemu ya protini ikibaki ya njano, na presha ikiwa chini ya 140/90, kwa kawaida mama huambiwa ainue miguu akipumzika, alale kwa ubavu, wala asijinyime maji kwa kudhani kuwa ndiyo yanayomvimbisha. Sehemu hiyo ikigeuka kijani na presha ikiwa imefika au kuvuka kiwango hicho, mazungumzo hubadilika kabisa. Hiyo ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba, ugonjwa unaoanza baada ya wiki ya 20 na ambao baadhi ya familia bado huusingizia majini mama anapoanguka na kutetemeka. Dawa ya kuzuia na kutibu degedege hilo ni sindano ya magnesiamu salfeti, lakini tiba kamili ya ugonjwa wenyewe ni kuzalishwa, na kwa hiyo mama hupelekwa hospitali.

Kiungulia nacho hufuata njia hiyohiyo. Homoni za ujauzito hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, mtoto naye hulisukuma kutoka chini, na tindikali hupanda kifuani. Kula kidogo kidogo, kuacha kulala mara baada ya mlo, na kupunguza mafuta husaidia, ingawa kumwambia mtu wa Kigoma apunguze mawese kunahitaji ulimi laini. Ila mama akisema anaumwa chembe ya moyo, au chini ya mbavu za kulia, na maumivu hayaachii, mkunga hatoi kidonge cha kiungulia kabla ya kupima presha tena, maana maumivu ya hapo yanaweza kutoka kwenye ini lililoathiriwa na ugonjwa uleule. Maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu au vimulimuli huhesabiwa pamoja nayo.

Upungufu wa damu ni tatizo ambalo mama mwenyewe hulizoea hadi asilione. Kigoma ni mkoa wa malaria, na vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu na vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma bila homa yoyote. Wekundu wa damu ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita moja, mama ana upungufu. Ukiwa chini ya 7, upungufu ni mkali na zahanati si mahali pake tena. Kinga huwa ni chandarua chenye dawa, vidonge vya SP, dawa ya kuzuia malaria, vinavyomezwa mbele ya mhudumu kwa kupishanisha angalau mwezi mmoja, na vidonge vya kuongeza damu vya kila siku. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoachwa dirishani. Hufanya choo kiwe cheusi, jambo linalotisha asiyeambiwa mapema, na huzidisha choo kigumu ambacho ujauzito umekwisha kukileta, na choo kigumu huzaa bawasiri. Kuna na mtego mwingine mdogo: chai inayonywewa pamoja na kidonge, au dawa ya kiungulia iliyomezwa wakati mmoja nacho, huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mkunga anayeuliza, “Mama, kidonge unakimeza saa ngapi, na kwa kinywaji gani?” hujifunza mengi kuliko anayeuliza kama vidonge vimekwisha. Pia huuliza, bila kukaripia, kama mama anakula udongo.

Maumivu ya kiuno, kukaza kwa misuli ya miguu usiku na kukojoa kila mara ni kero za kawaida, mradi mkojo hauchomi na hakuna homa. Kuwashwa viganja na nyayo pasipo upele si kero, bali huhitaji daktari.

Tumbo kukaza pasipo mpangilio, kisha kuachia mama akitembea au akilala, ni uchungu wa uongo. Uchungu wa kweli hushika kwa vipindi vinavyokaribiana na kuongezeka nguvu. Maji yakivuja, hata bila uchungu, mama haendelei kukaa nyumbani, kwa sababu njia ya maambukizi imefunguka. Damu ikitoka, hata kidogo na bila maumivu, kanuni huwa kali zaidi: mkunga haingizi kidole ukeni, kwa kuwa kondo la nyuma linaweza kuwa limeziba mlango wa kizazi, na kuligusa kunaweza kuleta mvujo wa damu usiozuilika. Mtoto aliyepunguza kucheza naye husikilizwa siku hiyohiyo, na mapigo ya moyo wake hutarajiwa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Kufikia wiki ya 36 mkunga hupapasa tumbo ili ajue kama mtoto ametanguliza kichwa. Aliyetanguliza makalio, mapacha, na mama aliyewahi kupasuliwa huelekezwa kujifungulia penye chumba cha upasuaji. Kwa vijiji vya ziwani ambako safari ni ya boti na upepo unaweza kuifunga njia kwa siku nzima, maelekezo hayo yana maana pale tu nauli, msindikizaji na mahali pa kusubiria vikiwa vimepangwa. Kwa hiyo pamoja na tarehe ya makisio ya kujifungua, mkunga hukubaliana na mama na mumewe juu ya tarehe nyingine iliyotangulia, ile ya kuondoka kijijini.