Kava la chini ya injini: lifungwe upya au litolewe?

Ukiinama mbele ya Toyota IST, Vitz au Noah, utaona bamba jeusi la plastiki limelala kuanzia chini ya bampa kuelekea kwenye sampo ya oili, yaani karai la oili lililo chini ya injini. Hilo ndilo kava la chini ya injini. Kwenye gari ndogo nyingi huwa ni vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, vilivyoshikwa kwa boliti ndogo za spana namba 10 pamoja na klipu za plastiki za kubonyeza. Gari inapotoka kiwandani vifungio vyote huwa mahali pake. Ikishateremka bandarini Malindi, hapa Unguja, ikakaa miaka miwili mitatu na kupita gereji kadhaa za kubadilisha oili, mara nyingi utakuta zimebaki boliti mbili na kipande cha waya wa kufungia nondo.

Hapo ndipo linapoanza kugonga gonga kila ukipita tuta, na fundi akilitazama anasema: "Shekhe, toa hiyo, gari itakwenda vile vile." Kweli gari itakwenda. Injini haizimiki kwa kukosa kava, na zipo gari za zamani ambazo hazikuwa nalo tangu mwanzo. Lakini kwa hali ya visiwa vyetu mimi nasema lifungwe. Na kama leo halifungiki, litolewe lote lisibaki hata kipande. Kosa ni kuliacha linaning'inia.

Kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji. Gurudumu la mbele likipita kwenye dimbwi hurusha maji kwa nguvu, na mengine hupanda moja kwa moja kuelekea upande wa injini wenye mikanda. Mkanda uliolowa huteleza kwenye puli zake: unasikia mlio mkali, na alternata, ile inayochaji betri, haizunguki ipasavyo. Alternata yenyewe ina matundu ya kupitisha hewa, kwa hiyo tope jembamba linaloingia humo hukauka na kubaki. Anayekumbuka masika ya Mwanakwerekwe, barabara ilipokuwa ikigeuka ziwa, anajua ni maji ya namna gani ninayoyazungumza. Pemba shida ni nyengine kidogo: vilima vingi na udongo wa kunata, gari ikiteremka kwenye njia za mashamba inabeba tope hadi kwenye mikono ya usukani, vile vyuma vya chini vinavyogeuza magurudumu.

Kisha kuna chumvi. Ukikaa Nungwi, Jambiani au popote penye upepo wa bahari, chuma cha chini ya gari kinaliwa polepole hata usipokanyaga maji ya bahari kamwe. Kava haliwezi kuzuia hewa ya chumvi. Linachozuia ni mchanga wenye unyevu usirundikane kwenye soketi za nyaya, sensa na vichwa vya boliti vya injini. Vumbi jeupe la mawe ya matumbawe nalo ni baya: likichanganyika na oili inayovuja kidogo tu, linakuwa uji mgumu ambao hata mashine ya kuoshea inahangaika nao.

Mawe madogo yanayorushwa na gurudumu kava linayapokea vizuri. Jiwe la matumbawe lililosimama katikati ya njia ni habari nyengine. Plastiki ya unene wa milimita chache haiwezi kuokoa sampo ikigongwa na jiwe la namna hiyo, na wanaodhani wamekingwa ndio wanaopita kwa kasi. Kinachookoa sampo ni urefu wa gari kutoka chini, macho ya dereva, au bamba la chuma, ambalo nitalitaja mbele.

Kuhusu hewa, watu wanazidisha pande zote mbili. Ni kweli kwamba kava linasaidia hewa kupita inavyotakiwa: iingie mbele, ivuke rejeta, itokee nyuma ya injini, badala ya upepo wa chini kujaa kwenye chumba cha injini na kuipunguzia kasi ile inayopita kwenye rejeta. Kuna gari ambazo zikiondolewa kava zinaanza kupanda joto kwenye safari ndefu huku kiyoyozi kimewashwa, hasa kama rejeta ishaziba au feni imechoka. Gari nyingi nzima hazioneshi tofauti yoyote. Ama hoja ya kuokoa petroli, usimsikilize anayekuuzia kava kwa hoja hiyo. Faida ipo kwa gari inayokwenda kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu. Kutoka Darajani hadi Fuoni, na matuta yote yale, hutaiona.

Sasa tazama hali ya kava lililolegea, maana hapa ndipo hatari ilipo. Mara nyingi linaanza kwa kuachia ukingo wa mbele, ule unaoshikana na bampa. Ukingo ukishuka hata upana wa vidole viwili, upepo unaingia juu ya kava na kulisukuma chini. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana mjini unasikia tiki tiki ndogo tu, lakini ukishika barabara iliyonyooka ya kwenda Tunguu unasikia mpapatiko mzito chini ya miguu, na ukipunguza mwendo unanyamaza. Mlio wa namna hiyo, unaokuja kwa mwendo na kuondoka kwa mwendo bila kujali gia, mara nyingi ni kava.

Likiendelea, klipu zilizobaki zinakatika moja moja na bamba linakokota lami. Likikunjika kurudi nyuma linaweza kuingia chini ya gurudumu, na likivutwa hapo linaondoka na kipande cha bampa. Au linachomoka lote na kumwendea mwenye bodaboda aliye nyuma yako, ambaye hana bampa wala kioo cha kumkinga. Ukiingia nalo kwenye maji yaliyotuama, maji yanajaa juu yake na uzito huo unang'oa hata boliti ambazo zilikuwa nzima. Upande wa ndani, kava lililohama mahali pake linaweza kusugua mpira wa draivushafti (mtaimbo unaozungusha gurudumu) mpaka utoboke na girisi imwagike, au likalalia bomba la ekzosi. Makava mengi ni ya plastiki ya polipropilini (geuza lako, mara nyingi utaona herufi PP zimechapwa), na plastiki hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi. Ekzosi karibu na injini hupita hapo kwa mbali. Harufu ya plastiki kuungua si jambo la kungoja Ijumaa.

Mafundi wanaopenda kulitoa wana sababu zao, na nyengine ni za haki. Bila kava uvujaji unaonekana mapema, kwa sababu oili inadondoka chini badala ya kukusanyika juu ya plastiki kwa wiki nzima. Filta ya oili inafikika kwa urahisi. Na kava lililolowa oili, likiwa karibu na ekzosi, kwa kweli ni bora lisiwepo mpaka lioshwe na uvujaji uzibwe. Lakini sababu kubwa, tuseme ukweli, ni kwamba boliti zimeshika kutu na kuzifungua kunachukua muda kuliko kumwaga oili yenyewe. Gari nyengine zina kidirisha au tundu la kupitishia oili na filta bila kugusa kava lote. Ulizia kabla hujakubali litolewe.

Kabla ya kutoa chochote hakikisha unachotaka kutoa ni kava kweli. Juu ya bomba la ekzosi kuna bati jembamba la kukinga joto, na nalo likilegea linapiga kelele ya mabati. Hilo halitolewi ovyo. Lipo ili joto lisifike kwenye sakafu ya gari, nyaya na mabomba ya mafuta, na kwa kawaida linarudishwa kwa washa pana (kile kiduara cha bati kinachokaa chini ya kichwa cha boliti) au klemu ya mpira wa maji. Ukilipiga kwa kidole likalia chuma, waache mafundi wa "toa tu" walitazame mara ya pili.

Kulifunga upya si kazi kubwa. Gari ipande kwenye shimo la gereji au stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na juu ya mchanga au kifusi haifai kabisa kwa sababu inazama. Kava lioshwe, ndipo uone nyufa. Ufa mdogo unatobolewa tundu dogo pale mwisho wake ili usiendelee kutambaa. Gundi za kawaida hazishiki polipropilini, usipoteze pesa. Kinachoshika ni kuiyeyusha kwa pasi ya kuchomelea nyaya na kuzika kiwavu cha chuma ndani yake, au kubandika kipande cha bati la alumini kwa riveti. Tundu la boliti lililopanuka lipate washa pana, pana kweli, ya kipenyo kama cha shilingi mia. Klipu zilizopotea zinauzwa kwenye maduka ya spea, na ni katika vitu vya bei ndogo kabisa humo dukani. Boliti zipakwe girisi kidogo kabla ya kufungwa ili mwakani zifunguke, wala zisikazwe kwa hasira, kwani plastiki inatanuka kwa joto na ikibanwa sana inapasuka pale pale kwenye tundu.

Jambo ambalo hukosewa zaidi ni mpangilio wa kingo. Upepo unatoka mbele, kwa hiyo kila kipande cha mbele kiwe chini ya kile cha nyuma yake, kama makuti yanavyolaliana ili maji yateleze bila kupenya. Ukipanga kinyume umefungua mdomo wa kumeza upepo, na hata ukitia boliti mpya kumi, kava litarudi kulegea.

Mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya inafaa kukufikisha nyumbani, si zaidi ya hapo. Waya wa nondo unashika muda mrefu, lakini unakata plastiki kidogo kidogo kila gari inapotikisika, na ncha zake zikielekea juu zinaweza kufika kwenye mpira au nyaya. Ukiutumia, kunja ncha zielekee chini na uupitishe ndani ya kipande cha mpira wa maji.

Linatolewa basi wakati gani? Likiwa limechanika mpaka hakuna tundu la kushika, au vishikizo vya upande wa gari vimeliwa na kutu, au linagusa ekzosi na huna njia ya kuliinua. Pia ukiwa safarini likaning'inia: simama pembeni, injini ipoe, litoe lote na uliweke buti. Hapo endesha kawaida, ila kwenye maji pita taratibu, na ukisikia mkanda unalia baada ya dimbwi ujue ni maji yale. Tena watu wasidhani kava ndilo linalookoa injini kwenye mafuriko. Maji yanayoua injini huingia kupitia mdomo wa filta ya hewa, na hapo kava halina msaada.

Kwa wanaopita njia za mawe kila siku, mafundi wa kuchomea wanaweza kutengeneza bamba la chuma. Ni kitu kizuri likitengenezwa kwa akili: lishikwe kwenye fremu, wala si kwenye chuma chembamba kinachobeba rejeta, kati yake na sampo ibaki nafasi (la sivyo jiwe likigonga bamba, bamba linagonga sampo), na liwe na matundu ya kutolea joto na maji, na tundu la kumwagia oili. Uzito wake utaishusha gari kidogo upande wa mbele, na kwa gari ambayo tayari iko chini utausikia msuguano pale pa kupandia meli ya Pemba maji yakikupwa.

Ukinunua kava la mtumba, nenda na la zamani mkononi hata kama limevunjika. IST ya injini ya cc 1300 na ya 1500, inayosukumwa na magurudumu mawili na inayosukumwa na yote manne, zikisimama barabarani zinafanana, lakini usikubali kuambiwa "yote sawa" kabla hujalinganisha matundu ya boliti na nambari iliyochapwa upande wa ndani wa plastiki. Muuzaji akikataa ulinganishe, nenda duka la pili.