Sikio linalomeza herufi

Fundi bati mmoja wa Gerezani alirauka alfajiri kwenda stendi ya Mbezi kumpokea mwanawe kutoka Mwanza. Alikaa kwenye benchi hadi saa nne asubuhi, kila basi likiingia anasimama kuchungulia mlangoni. Mtoto hakushuka. Walipopigiana simu ukazuka ugomvi mkubwa: baba anasema, "Uliniambia nitakuja." Mwana anaapa kwamba alisema, "Sitakuja." Wiki mbili hawakusemeshana, mpaka binti yake mkubwa alipomshika mkono akamleta kwangu.

Hakuna aliyesema uongo. Mwana alisema "sitakuja" na baba alisikia "nitakuja". Ningeambiwa nichague maneno mawili tu ya Kiswahili ya kuelezea kazi yangu ya kupima usikivu, ningechukua hayo.

Katika lugha yetu irabu ndizo zenye nguvu. A, e, i, o, u ni sauti nene, zinasafiri mbali, hata mtu aliye uani anazipata. Konsonanti kama s, f, sh na th ni nyembamba. Ni upepo tu unaopita kwenye meno na midomo. Sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na huko juu ndiko masikio ya watu wengi yanakoanza kuharibika. Isitoshe, simu ya kawaida isiyopita kwenye intaneti mara nyingi hukata sauti zote zinazozidi hezi 3,400 hivi. Kwa hiyo s ya kijana yule ilikatwa mara mbili, kwanza na simu, halafu na sikio la baba yake.

Sasa angalia tunavyokanusha. "Nitakuja" na "sitakuja" zinatofautiana kwa herufi moja. "Atalipa" na "hatalipa" zinatofautiana kwa pumzi moja ya h. Ndiyo na hapana zetu tumeziweka kwenye herufi zilizo dhaifu kuliko zote. Na mtu akizipoteza, ubongo haumwambii kwamba hapa pana pengo. Unajaza wenyewe, kwa kile unachokitarajia. Mzazi anayemtamani mwanawe atajaza nini? Atajaza n.

Ndiyo maana sentensi ninayoisikia kuliko zote chumbani kwangu si "sisikii". Ni "nasikia, ila sielewi." Kaka, paka, taka, saka, shaka, chaka: kwa sikio lililopoteza sauti nyembamba, yote hayo yanakaribia kuwa neno moja. Mgonjwa anajua umeongea, anajua hata umeongea kwa hasira au kwa upole, lakini neno lenyewe limepita. Nyumbani wanamwona anaitika akiitwa kula na haitiki akiulizwa pesa za mchango, wanasema anasikia anachotaka. Usemi huo unaniuma kila ninapousikia. Nimeona ndoa za miaka thelathini zikipoa kwa sababu yake.

Ndani ya sikio, nyuma kabisa ya kiwambo, kuna koklea, kiungo kilichojiviringa kama gamba la konokono, chenye ukubwa wa kama punje ya njegere. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo: takriban 3,500 za safu ya ndani, zinazopeleka habari kwenye ubongo, na takriban 12,000 za safu za nje, zinazokuza sauti ndogo na kuipambanua. Zikifa, hazioti nyingine. Zile za sauti nyembamba ziko mlangoni, sauti inapoingilia, nazo ndizo huumia mapema. Yule mzee alipiga bati kwa nyundo miaka zaidi ya arobaini. Nilipomwonyesha mchoro wa vipimo vyake, mstari ulikwenda vizuri kwenye sauti nene, halafu ulipofika hezi 3,000 ukaporomoka kama mtu aliyekosea ngazi, chini kabisa kwenye 4,000. Shimo la namna hiyo tunalitambua papo hapo. Ni alama ya kelele. Akauliza, "Kwa hiyo ni nyundo?" Nikamwambia ni nyundo, Baba, na umri umeongezea. Akatazama mikono yake.

Wengine huletwa na sababu tofauti. Kuna sikio linalotoa usaha tangu utotoni, ambalo lazima litibiwe kwanza kabla ya habari ya mashine ya kusaidia kusikia. Kuna dawa: streptomaisini, kanamaisini, gentamaisini, na kwinini kwa kiasi kikubwa. Kanamaisini ilichukua usikivu wa watu wengi waliotibiwa kifua kikuu sugu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza. Shirika hilohilo, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu watu milioni 430 wanaohitaji huduma kwa ajili ya kupoteza usikivu. Wengi wao wako katika nchi zenye kipato kama cha kwetu.

Kuna jambo moja ambalo familia hushindwa kulielewa, na mimi hulirudia mpaka lieleweke. Bibi anasema, "Ongea kwa sauti." Mjukuu anapandisha sauti. Bibi anaruka: "Usinipigie makelele!" Hafanyi visa. Zile seli za nje zikifa, sauti ndogo hazikuzwi tena, lakini sauti kubwa zinafika na ukubwa wao uleule. Nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" inakuwa nyembamba sana, kama chumba ambacho dari imeshushwa. Mashine nzuri za siku hizi zinafanya kazi ndani ya chumba hicho. Maikrofoni inachukua sauti, kompyuta ndogo inaigawanya katika mikanda, kuanzia sauti nene hadi nyembamba, kila mkanda unaongezwa kwa kadiri ya mahitaji ya sikio lile: sauti ndogo zinapandishwa sana, za kati kidogo, kubwa haziguswi au zinazuiwa. Ndiyo maana nawaomba watu wasinunue vile vikuza sauti vya bei poa vinavyouzwa mitaani na kwenye simu. Vingi vya hivyo vinapandisha kila kitu kwa pamoja. Sufuria ikianguka, inaanguka ndani ya kichwa chako.

Siku ya kuwasha mashine huwa naifunga feni kwanza. Mzee alikaa, binti yake pembeni. Nilimvalisha ya kulia, nikamvalisha ya kushoto, nikaziwasha kutoka kwenye kompyuta. Alinyamaza. Halafu akageuza shingo na kuniuliza, "Hicho nini?" Kitu gani, Baba? "Hicho, kinachofanya ss, ss." Ilikuwa karatasi. Binti alikuwa anaikunjakunja risiti mkononi bila kujijua. Mzee akamwomba aikunje tena. Kisha akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akisikiliza ndala zake kwenye vigae.

Nilipoanza kazi ningeiona siku kama ile kuwa ndiyo mwisho wa shughuli. Kumbe siku ya kwanza ni rahisi. Ngumu ni ile ya tatu, pale friji inapolia usiku kucha, mabati yanapopigwa na mvua, pikipiki inapopita kama inapita sebuleni, na mtu anaanza kusema mashine hii ina kelele. Kelele zilikuwepo miaka yote. Ubongo wenye usikivu kamili umejifunza kuzipuuza. Ubongo uliokaa kimya miaka kumi umesahau kuzipuuza, kwa sababu hazikuwa zikifika. Inabidi ujifunze upya, na kujifunza huko huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi.

Somo hili nililipata kwa gharama ya mtu mwingine. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimvalisha mama mmoja mashine nikaziweka moja kwa moja kwenye kiwango kamili ambacho hesabu ilionyesha. Hesabu ilikuwa sahihi. Mama alishukuru, akaondoka. Alirudi baada ya miezi minane kwa sababu ya sikio lililoziba nta, nikamuuliza mashine ziko wapi. "Ziko kabatini, mwanangu. Zilikuwa zinanipiga." Alikuwa amezivaa siku mbili. Miezi minane ya mazungumzo ya watoto wake ilimpita kwa sababu sikumwambia kitakachotokea siku ya tatu, wala sikumpigia simu. Tangu hapo naanza chini ya kiwango, napandisha taratibu, na siku ya tatu napiga simu mimi mwenyewe.

Utaratibu ninaowapa ni mwepesi. Wiki ya kwanza, vaa nyumbani, kwenye utulivu, zungumza na mtu mmoja mliyekaa mkitazamana. Soma gazeti au kitabu cha dini kwa sauti, kwa sababu sauti yako mwenyewe itakushtua: itavuma kama unaongea ndani ya mtungi. Sehemu ya mvumo huo ni kutozoea, sehemu ni sikio kuzibwa mno, na hilo tunalirekebisha kwa kubadili kile kikofia cha mpira kinachoingia sikioni kuwa chenye matundu. Ukizoea, nenda dukani, nenda kibarazani. Harusi na daladala ziache mwisho. Ila vaa kila siku. Anayevaa Jumapili kwa Jumapili hazoei kamwe. Kila Jumapili kwake ni siku ya tatu.

Kisha kuna mambo ambayo vijitabu vya mashine haviandiki, kwa sababu waliovitunga hawaishi pwani. Jasho na unyevu wa hapa Dar huua mashine kuliko uzee. Usiku ivue, fungua kijumba cha betri, iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kukausha, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo bado havijachakaa. Wengine hutumia mchele. Mimi siupendi, vumbi lake huziba tundu la spika. Betri ndogo zile hupumua: zina tundu lililofunikwa kwa karatasi yenye gundi, na ukiibandua hewa inaingia ndipo umeme unaanza. Ukiibandua, subiri dakika moja au mbili kabla ya kuipachika. Ukishaibandua, kuirudishia karatasi hakuizuii kuisha.

Kwa wanaoswali, udhu unaweza kufika mara tano kwa siku, na vidole vyenye maji vinapita masikioni. Mashine lazima zitoke, na hapo ndipo hupotea: mfuko wa kanzu, ukingo wa karo, mkeka. Nawaambia wawe na kopo dogo moja, lilelile, mahali pamoja. Kwa wanaovaa hijabu, kitambaa kikikaza juu ya maikrofoni utasikia mkwaruzo, na sauti inaweza kurudi na kupiga mluzi. Njoo nayo ile unayoivaa kila siku, tupime ukiwa umeivaa. Nashangaa ni wangapi wamevaa mashine mwaka mzima zikipiga mluzi wakidhani ndivyo zilivyo. Mluzi maana yake kuna mwanya, au nta, au kizibo hakikukaa.

Lazima pia niseme zisichoweza. Mashine hairudishi seli. Kwenye ukumbi wenye mwangwi, meza kumi zikizungumza, hata ya bei ya juu kabisa itahangaika, ingawa maikrofoni zake zinajua kuelekea mbele na kupunguza za nyuma. Hapo umbali ni dawa kuliko teknolojia. Ukisogea kutoka mita nne hadi mita mbili, sauti inayokujia moja kwa moja kutoka kwa msemaji inaongezeka desibeli kama sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kugusa chochote. Kwa hiyo wana wa nyumbani, msimwite baba kutoka jikoni. Nendeni alipo, mwiteni kwa jina lake au mguseni bega, subirini awatazame, ndipo mseme. Asiposikia, msirudie neno lilelile kwa makelele, badilisheni maneno. "Hatakuja" ikimpita, semeni "amebaki Mwanza."

Siku hizi wapo wanaowatisha wazee kwamba bila mashine watapoteza kumbukumbu. Ukweli uko katikati. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023, uliowafuata wazee 977 kwa miaka mitatu, haukuona tofauti kwa kundi lote kwa jumla. Lakini kwa wale waliokuwa tayari kwenye hatari kubwa zaidi, waliopewa mashine walipungukiwa na uwezo wa akili polepole zaidi, kwa asilimia 48. Kwangu hiyo ni sababu ya kutochelewa. Si ya kumtia mtu hofu ili anunue.

Mzee wa Gerezani alirudi wiki ya sita. Mashine zenyewe hurekodi saa zilizovaliwa, nikazisoma: wiki ya kwanza wastani wa saa mbili kwa siku, wiki iliyopita saa kumi. Ijumaa peke yake ilikuwa saa nne. Nikamuuliza Ijumaa kuna nini. Akacheka, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, kuonyesha zinakosahaulika. Nikampa kopo.

Kabla hajaondoka aliomba nimuunganishie mashine na simu yake. Nilimfundisha kubonyeza, akampigia mwanawe hapohapo kwa WhatsApp, sauti ikaingia masikioni mwake moja kwa moja, sisi hatukuisikia. Tuliona tu anatikisa kichwa. "Ijumaa ijayo? Rudia neno hilo." Akasikiliza. "Rudia tena." Kisha akamgeukia binti yake akamwambia anakuja, amesema *nitakuja*, na mara hii amemuuliza mara mbili.