Nakuru imerefuka, na moto hausubiri

Nimekuwa mzimamoto kwa miaka kumi na tisa. Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe ndani ya matatu au matangani, ni hili: "Mbona nyinyi huja bila maji?" Wanaouliza wengi wao wamepoteza mali, wengine wamepoteza mtu, kwa hiyo hulijibu kila mara kwa utulivu.

Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja wa maji wa kushikwa kwa mkono hutoa kama lita 450 kwa dakika. Ukifungua miwili, tangi limekauka kabla ya dakika sita. Gari lilikuja limejaa, ila aliyefika dakika ya saba akatukuta tumesimama ataapa kwamba tulikuja mikono mitupu. Dawa yake ni bomba la zimamoto pale mtaani la kuunganishia mipira, au lori la maji linalofuata nyuma. Na zaidi ya hayo, moto wenyewe ukutwe ungali mdogo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Chumba cha kupanga katika ploti kina godoro la sponji, kochi, pazia za nailoni. Moto ukianza, moshi wenye joto hupanda na kujikusanya chini ya mabati. Joto la huko juu likifika nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kila kitu kilichomo chumbani hushika kwa mpigo mmoja. Kwa samani za siku hizi, hali hiyo yaweza kufika ndani ya dakika tatu hadi tano. Kabla ya hapo, watu wawili na mpira mmoja huuzima moto. Baada ya hapo chumba hicho kimekwenda, unapigania cha jirani.

Ndiyo sababu kiwango cha zimamoto cha Marekani kiitwacho NFPA 1710 kinalipatia gari la kwanza dakika nne tu za safari, likiwa na watu wanne.

Sasa itazame Nakuru yetu. Kaskazini tumezuiwa na volkeno ya Menengai, kusini na mbuga ya Ziwa Nakuru. Mji haukuwa na njia ila kurefuka kuifuata barabara kuu: huku Free Area, Pipeline na Lanet, kule Kaptembwo, Rhonda na Kiamunyi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 mjini, na tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hadhi ya jiji. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopitisha matrela na malori ya mafuta ya kwenda Uganda. Jioni ya Ijumaa king'ora hakisaidii kitu. Dereva wa trela angependa kukupisha, lakini hana pa kwenda.

Piga hesabu nami. Gari likitoka katikati ya mji kwa wastani wa kilomita 25 kwa saa, kilomita nane za kuelekea Lanet ni dakika 19. Ukinunua gari la pili, jipya kabisa, ukaliegesha pale pale, bado ni dakika 19. Hili nalisema kwa wanasiasa wa kila upande, kwa sababu gari hupigwa picha likikabidhiwa na dakika hazipigwi picha. Kinachopunguza safari ni kituo kilicho karibu.

Nakumbuka usiku mmoja Kaptembwo, nikiwa bado kijana kazini. Tulifika safu ya vyumba sita ikiwa imebaki kuta. Fundi mmoja wa cherehani alikuwa ameketi juu ya mashine yake, kitu pekee alichowahi kukitoa, kitambaa cha sare ya shule kikiwa bado chini ya sindano, upande mmoja umeungua. Hakutupigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mmetoka mbali?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba."

Halafu kuna watu. Tukiwa wanne, dereva hushughulika na pampu, wawili huingia pamoja, na kiongozi hubaki nje akihesabu muda wa hewa yao, kwa maana mtungi mmoja mgongoni hutosha kama nusu saa ya kazi nzito. Wakija watatu, wawili wakiwa ndani, hakuna wa kuwafuata wakikwama. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya saa 42, kiti kimoja cha gari kinahitaji watu wanne. Ongeza likizo, ugonjwa na mafunzo, ni watano. Gari moja la watu wanne, basi, ni waajiriwa 20. Ukisikia kituo kimefunguliwa, uliza wangapi wako zamu saa nane usiku.

Januari 2009, kwenye barabara hii hii huko Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likawaka. Walikufa zaidi ya mia moja. Moto wa mafuta hutaka povu, na povu lazima liwe limewekwa karibu kabla ya ajali.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Katika vikao vya wananchi nimezoea kusikia barabara, zahanati, taa za mtaani, na yote ni haki. Mimi husimama kuomba vituo viwili vidogo, kimoja upande wa Lanet na kingine kati ya Kaptembwo na Kiamunyi. Si majumba. Banda la magari mawili, tangi la maji chini ya ardhi, simu isiyokatika, vitanda vinane, na watu 20 kwa kila gari.