Je, wajua kwa nini kuwaza mema pekee hakumfikishi mtu mzima anakotaka?

Kujiona mawazoni umeshahamia kwenye nyumba yako mpya kunaweza kukupunguzia nguvu za kuijenga. Wengi tumefundishwa kinyume chake: waza makubwa, yaone kama yameshatokea, nayo yatakuja. Tatizo ni kwamba jambo hili limepimwa, na majibu hayakuwafurahisha wanaouza mafundisho hayo.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Mjerumani Gabriele Oettingen na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wa Marekani waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliwauliza mambo mawili ambayo sisi huyachukulia kuwa ni kitu kimoja. Kwanza, unaamini utafanikiwa? Pili, ukiwaza siku za mbele, unajiona vipi? Kuna aliyejiona amekonda, anasifiwa na rafiki zake, na vishawishi vya chakula vinampita hivi hivi. Mwingine alijiona bado anahangaika navyo. Mwaka ulipokwisha, walioamini kwamba wataweza walikuwa wamepungua kilo 12 hivi zaidi ya waliokuwa na mashaka. Lakini wale wenye njozi tamu walikuwa wamepungua kilo 11 hivi pungufu ya waliojiona wakihangaika.

Kwa hiyo imani ilisaidia, njozi ikavuta nyuma. Kwa nini? Mwaka 2011 Oettingen na Heather Kappes waliangalia mwili wenyewe. Watu walioambiwa wawaze mambo yao yakinyooka walionekana kulegea, na hata ile namba ya juu inayosomwa kwenye kipimo cha presha ilishuka. Mwili ulikuwa umetulia, kana kwamba kazi imeisha. Ukitaka usingizi, hiyo ni dawa nzuri. Ukitaka kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba, siyo.

Huku kwetu Kusini mwa Tanzania, kwenye korosho, hali hii ina majira yake. Njoo Tandahimba au Newala mwezi wa saba, watu wakiwa wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na maua ya mikorosho yanaanza kutoka. Hapo ndipo mipango inapoongelewa. Mwaka huu bati, mwaka huu kiwanja Mtwara mjini, mwaka huu bodaboda ya biashara. Kila mtu anazungumza kwa raha, na mimi sioni ubaya wa raha hiyo. Minada inaanza Oktoba, hela zinaingia kwenye akaunti kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kufika mwezi wa tatu ukiuliza habari za bati unaambiwa, "Mwakani, Mungu akipenda." Kilichopita katikati kila mmoja anakijua: deni la dukani, ada ya Januari, sherehe ya unyago ya mtoto wa ndugu, wajomba waliosikia kwamba mnada umelipa vizuri. Hakuna hata kimoja hapo kilichokuwa siri mwezi wa saba. Ila hakuna aliyekitaja, maana kukitaja kungeonekana ni kujitabiria mabaya.

Hofu hii ya kujitabiria mabaya naiona ndiyo kiini cha jambo lote, na mara nyingi huvishwa vazi la dini. Mtu akihesabu vikwazo vyake anaambiwa hana imani. Lakini dini zenyewe hazisemi hivyo. Waislamu wa Mikindani na Kilwa wamelelewa na ile hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache wazi na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Wakristo wa Masasi, ambako misheni ya Kianglikana ilianza mwaka 1876, wanasoma katika Luka habari za mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza chini, anahesabu gharama kama anavyo vya kumalizia. Huko kuhesabu hakutajwi kama upungufu wa imani. Hata hao wanawake 25 wa utafiti, imani iliyowasaidia ilikuwa ya kusema "naweza", siyo ya kusema "tayari".

Njia ambayo Oettingen aliitengeneza baadaye ni nyepesi kiasi cha kutia shaka. Taja unachokitaka. Waza kidogo utakavyofurahi ukikipata. Kisha, papo hapo, jiulize: ndani yangu mimi, nini hasa kitanizuia? Siyo serikali, siyo bei ya korosho. Ukishakiona, kitungie sentensi moja ya "ikitokea hivi, nitafanya vile." Sehemu hii ya mwisho inatokana na kazi za mumewe, Peter Gollwitzer. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya sentensi za namna hiyo, wakakuta kwamba zinasaidia kwa kiasi cha kuonekana wazi. Sababu ni kwamba uamuzi umeshafanyika mapema, kichwa kikiwa kimetulia, na siku ya siku hakuna tena cha kujadili.

Chukua mama wa miaka 47 mwenye mikorosho yake na lengo la kumaliza nyumba. Kikwazo chake siyo uvivu. Kila mwezi wa tisa, mnada bado, mtoto anataka hela ya shule, na mtu wa kangomba, yaani mchuuzi wa nje ya mnada, anapita na fedha mkononi kununua korosho kwa bei ya kutupa. Anauza gunia, halafu jingine. Sentensi yake inaweza kuwa hii: "Akija mtu wa kangomba, nitamwambia arudi kesho, na jioni hiyo nitakwenda kukopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa." Na nyingine: "Hela ya mnada ikiingia, nitapita duka la vifaa vya ujenzi kabla sijapanda gari la kurudi kijijini." Hazina utamu wowote. Huwezi kuzisimamia jukwaani ukapigiwa makofi.

Hapa ndipo naona mtu wa miaka 40 na kitu anamshinda kijana. Kijana wa miaka 22 akiulizwa nini kitamzuia atasema mtaji. Mtu mzima anavijua vikwazo vyake kwa majina, ameshaangushwa navyo zaidi ya mara moja. Wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha mwaka 2008 kwamba katika nchi nyingi ridhiko la maisha hushuka hadi miaka ya arobaini hivi, kisha hupanda tena, ingawa tafiti za karibuni kwenye jamii za vijijini zinazoishi kwa kilimo hazikuuona mchoro huo wazi. Vyovyote iwavyo, kukata tamaa kwa kisingizio cha umri hakuna hesabu nzuri. Mche bora wa mkorosho huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu hivi. Aliyepanda akiwa na miaka 48 ataokota akiwa na 51, na mti utaendelea kuzaa kwa miongo.

Kuna jambo moja ambalo wahubiri wa mawazo chanya hawalitaji. Mtu akilinganisha kwa haki anachokitaka na kinachomzuia, wakati mwingine jibu ni kwamba haiwezekani. Oettingen alikuta kwamba hapo watu huliachia lengo, na wanaoshika lengo lililokufa huchelewa kuanza jingine. Mzee aliyekuwa akisema kwa miaka kumi kwamba atafungua gereji Dar es Salaam anaweza kuona, akiwa na miaka 53, kwamba gereji hiyo hataifungua, na kwamba ufundi wake unatakiwa sana hapo hapo Nachingwea kwa wenye pikipiki na mashine za kupulizia zinazoharibika kila msimu.