Kutoka Ziwani Hadi Bustani ya Mungu: Maswali ya Afya Kabla ya Kupanda Kitulo

Mvua za Novemba zikishakolea, simu yangu hapa Mwanza haitulii. Wanakwaya, walimu, vijana wa mtaani, kila kikundi kinapanga safari ya Kitulo. Huo ni uwanda wa juu kati ya Mbeya na Njombe, hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili nyasi zake hujaa maua. Ukiwa na begi mgongoni unaweza kutembea siku kadhaa, ukayapita maua, ukaingia msitu wa milima ya Livingstone, ukateremka mpaka Matema kwenye Ziwa Nyasa. Mimi ni muuguzi, na njia hiyo nimeitembea mara mbili. Naomba msome kwa makini hasa yanayohusu malaria na selimundu, yaani siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mlima una hatari zake, lakini sisi watu wa Ziwa Victoria tunapanda nazo nyingine kutoka nyumbani.

Nesi, mtu akitetemeka huko juu si baridi tu?

Inaweza kuwa baridi, na inaweza kuwa malaria. Safari yangu ya kwanza, jioni ya siku ya pili, mwenzetu mmoja alianza kutetemeka hadi chai ikawa inammwagikia magotini. Tukamvika majaketi mawili, tukampa tangawizi, tukamwambia, "Baridi ya Kitulo hiyo, utaizoea." Mimi muuguzi sikumgusa hata paji la uso. Usiku wa manane akaanza kutapika, ndipo nikakumbuka kipimajoto: 39.6. Alfajiri tukamteremsha, kituo cha afya wakampima, malaria. Alipona, namshukuru Mungu, lakini saa zile nilizozipoteza bado zinaniuma.

Mbu aliyemuuma hakuwa wa Kitulo. Alikuwa wa huku huku kwetu. Baada ya kuumwa na mbu, vimelea kwa kawaida hukaa mwilini siku 7 hadi 14 kabla ya homa kutokea, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kuondoka Nyegezi, hapa Mwanza, mzima kabisa na homa ikamkuta kwenye maua. Bebeni kipimajoto. Anayetetemeka kwa baridi, joto lake halipandi. Wa malaria linapanda hata kama vidole vyake ni vya baridi. Kikisoma 37.5 au zaidi, safari ya mtu huyo imeishia hapo: ashuke, akapimwe. Msimpe vidonge viwili vya mseto, dawa ya malaria, vilivyobaki kwenye mkoba wa mtu. Mseto ni dozi kamili ya siku tatu, baada ya kipimo. Na wiki mbili kabla ya safari, tafadhali, laleni kwenye chandarua kila usiku.

Na ikiwa kweli ni baridi?

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kitulo ni kama 2,600. Kati ya Juni na Agosti usiku huko unaweza kushuka chini ya sifuri, lakini ninyi mnakwenda wakati wa maua, maana yake wakati wa mvua, na mtu aliyelowa akapigwa na upepo anaweza kuishiwa joto mwilini hata kabla baridi haijafika sifuri. Mwangalie mikono: anashindwa kufunga zipu. Msikilize: maneno yanamvurugika. Anajikwaa penye tambarare. Akiacha kutetemeka huku bado amelowa na amezubaa, hajapata nafuu. Mwili umeshindwa kujipasha joto.

Mvueni nguo mbichi zote, hata kama anaona haya. Mvisheni kavu, mfunikeni mpaka kichwani, mlazeni juu ya kitu na si juu ya ardhi tupu, mtu mwingine alale naye karibu. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Pombe kali msimpe kabisa: inampa hisia ya joto huku ikilitoa joto lenyewe nje.

Suruali ya jinsi iacheni nyumbani, ikilowa haikauki. Pale Mlango Mmoja mkichambua mitumba kwa subira mtapata sweta za sufu na majaketi mepesi yanayotosha. Nguo za kulalia zifungeni kwenye mfuko wa plastiki, na mchana msiziguse hata mkitamani.

Tunaweza kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema?

Hapana. Hata kwa dakika chache, hata kama zipu imeachwa wazi kidogo, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, mtu anasikia usingizi, analala, na haamki. Kwenye baridi kila mtu anajikunyata karibu na jiko, kwa hiyo hema zima linaweza kuondoka pamoja. Pikeni nje, chini ya turubai. Mkitaka joto la kulala nalo, jazeni maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, ivisheni soksi, iwekeni tumboni.

Kichwa kikiuma ni urefu wa mlima?

Kuanzia mita 2,500 hivi baadhi ya watu huumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Lala hapo ulipo, kunywa maji, usipande zaidi mpaka kiishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa tu, teremkeni naye saa ile ile, hata kama ni usiku. Kichwa pamoja na homa, rudieni jibu la malaria hapo juu.

Maji ya vijito ni safi?

Yanaonekana safi. Yachemsheni hivyo hivyo. Huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yakianza kutokota yaacheni yatokote dakika tatu. Vidonge vya kutibu maji navyo vinafaa, ila maji ya baridi sana yapeni muda zaidi, na yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa.

Tufanye mazoezi wapi?

Kwenye mawe yetu. Wiki sita kabla, pandeni ngazi za Mabatini au kilima cha Bugando mara tatu kwa wiki, mkiwa na viatu na begi lile lile la safari. Viatu vipya vya kuanzia mlimani ni malengelenge. Mahali pakianza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Usisubiri chakula cha mchana. Na mtu anayehema sana kwenye ngazi kuliko wenzake akapime damu, choo na mkojo. Upungufu wa damu unaotokana na minyoo au kichocho ni wa kawaida huku kwetu, na unatibika kabla ya safari.

Nikiwa kwenye hedhi?

Nenda, mdogo wangu. Beba taulo za kutosha, na zilizotumika rudi nazo kwenye mfuko wake.

Mwanangu ana miaka 19, ana siko seli, na rafiki zake wote wanakwenda. Nimkatalie?

Mama, swali hili ndilo linalonipa uzito kuliko yote. Baridi, kukosa maji mwilini, uchovu na hewa yenye oksijeni kidogo, kila kimoja kati ya hivi kinaweza kuamsha maumivu ya selimundu, na Kitulo vyote vinne vinakutana, mbali na hospitali. Asiende bila kukaa na daktari wake wa kliniki, na daktari akisema hapana, basi. Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi, kwa hiyo hata hao rafiki zake ni vizuri wapime. Mwenye kurithi upande mmoja tu mara nyingi hutembea bila shida, ila akipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto akiwa juu, huenda ni bandama: ateremshwe bila kusubiri.

Kijana wako mwambie kuna Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa hapa hapa mjini, dakika chache kwa boti. Kuna mawe ya kupanda polepole, pimbi wakiota jua, na ziwa pande zote. Abebe maji yake na dawa zake. Jumamosi nikiwa sina zamu, nipo tayari kwenda naye.