Kuvalkanaizi mpira ni nini, na bushi mbovu hutoka wapi

Kuvalkanaizi ni kuupika mpira mbichi pamoja na salfa ndani ya kalibu mpaka ushike umbo na usiliache tena. Mpira mbichi hunata kukiwa na joto na hukakamaa kukiwa na baridi, kwa kuwa molekuli zake ni nyuzi ndefu zinazoteleza ovyo. Salfa ikipata joto huzifunga nyuzi hizo kwa vifundo: ukivuta zinanyooka, ukiachia zinarudi. Charles Goodyear aligundua jambo hili Marekani mwaka 1839. Vifundo hivyo ndivyo vinavyofanya tairi kuukuu likatwe kuwa akala badala ya kuyeyushwa. Ukilitia motoni litaungua tu.

Chukua bushi ya springi ya matatu, yaani kipande cha mpira kinachokaa kwenye jicho la springi, ambacho fundi yeyote wa Nakuru au Kisumu anakijua. Kwa kilo 10 za mpira asilia, mchanganyiko wa kawaida una masizi kilo 4 hadi 5, zinki oksaidi gramu 500, asidi ya steariki gramu 200, salfa gramu 200 hadi 250, na kiharakishi, yaani kemikali ya kuharakisha kuiva, gramu 100 hivi. Salfa ikizidi kidogo hupanda juu baada ya siku chache kama vumbi jeupe. Ikifika kilo 3 hivi, hupati bushi tena bali ebonaiti, ngumu kama pembe.

Kwenye presi, mashine inayobana kalibu na kuipasha moto, joto la nyuzi 150 za Selsiasi hufaa. Kila nyuzi 10 unazoongeza hupunguza muda wa kuiva karibu nusu, na hapo ndipo tamaa huingia: mtu anapandisha hadi 180 amalize oda upesi. Lakini mpira haupitishi joto haraka. Ngozi ya nje huiva na kupita kiasi, vifundo vikaanza kukatika na mpira asilia ukalegea upya, huku kiini bado kibichi. Kalibu ikifunguliwa, hewa na unyevu vilivyobanwa katikati vinafura na kuacha vitundu. Kwa nje bushi inang'aa. Ikibebeshwa gari inabonyea, haiinuki tena.

Kata moja katikati kwa wembe kila unapobadilisha mchanganyiko au joto. Ukiona sifongo, au kucha ikiacha alama isiyorudi, ongeza dakika, si joto. Vitundu vilivyo karibu na ngozi mara nyingi ni hewa iliyonaswa: funga presi, iachie kidogo mara mbili tatu, kisha ibane kabisa. Mchongaji wa kalibu naye akumbuke kwamba mpira ukipoa husinyaa asilimia 1.5 hadi 2, kwa hiyo tundu la milimita 50 hutoa kitu cha milimita 49 hivi.

Wauzaji hupenda kutaja ugumu, kwa mfano 65 kwenye kipimo cha Shore A. Namba hiyo peke yake haitoshi. Masizi mengi huipandisha hata mpira ukiwa haujaiva sawasawa, na kipimo hugusa ngozi tu.

Kuiva vizuri pia hakuugeuzi mpira kuwa wa aina nyingine. Mpira asilia hufura ukilowa dizeli, grisi au mafuta ya maziwa. Kwa sili ya oili, au mipira ya mashine za kukamulia ng'ombe huko Njoro na Molo, anza na naitraili, mpira wa kutengenezwa unaostahimili mafuta.