Mwanga laini si mwanga hafifu

"Punguza taa iwe laini." Kauli hii haikosekani bibi harusi anapopigwa picha Lamu. Taa hupunguzwa, picha ikaingia giza, na kivuli cha pua kikabaki vilevile, ukingo wake umekatwa kama kwa wembe.

Mwanga laini ni ule ambao kivuli chake hufifia polepole ukingoni. Kinachouleta ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kionekanavyo kutoka usoni mwa anayepigwa picha. Nguvu ya taa haimo kabisa. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.39, ila kwa kuwa liko mbali kilomita milioni 150, kwetu ni kiduara cha nusu digrii tu. Ndiyo maana saa sita mchana bandarini macho ya watu hutoka mashimo meusi. Aliyeketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, kivulini, akitazamana na ukuta mweupe wa chokaa unaopigwa na jua ng'ambo ya kichochoro, ameshapata mwanga laini bila taa yoyote: chanzo chake ni ukuta mzima.

Taa nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Mwavuli mweupe wa sentimita 110, unaowekwa mbele ya flashi kutawanya mwanga wake, ukiwa mita moja kutoka usoni ni chanzo kikubwa. Upeleke mita nne, upana wake machoni umebaki kama robo, na mwanga unaofika umebaki karibu sehemu moja ya kumi na sita. Hapo ndipo wengi hupotea: uso hauwaki tena, wakadhani wamelainisha, kumbe wamekaza kivuli. Uso ukiungua kwa mwanga mwingi, shusha nguvu ya flashi kutoka robo hadi moja ya nane, mwavuli uache palepale.

Na kile kikofia cheupe cha plastiki cha kuvika flashi hakikuzi chanzo kwa kiasi cha maana. Kinasaidia pale tu mwanga unapotawanyika ukagonga dari na kuta nyeupe. Chini ya makuti, au kwenye nyumba za kale zenye dari ya boriti za mikoko, hurudi mwanga mchache wenye ukahawia, na ngozi hubadilika rangi. Afadhali uelekeze flashi kwenye ukuta wa chokaa ulio ubavuni.

Anayeanza anatosheka na flashi moja inayorekebishwa kwa mkono, triga yake ya kuiwasha kutoka kwenye kamera, stendi, mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga, na mfuko wa mchanga, maana upepo wa kusi hauchagui stendi ya nani. Mwavuli ukae digrii 45 upande mmoja, juu kidogo ya macho. Upande wa pili shuka jeupe lirudishe mwanga shavuni.

Anayeagiza taa ipunguzwe huwa anataka kivuli cha pua kisimkate bibi harusi mdomo, na ni haki yake. Ila aseme "sogeza mwavuli", na mshika stendi asogee mpaka ukingo wa mwavuli ukaribie kuingia kwenye picha.